Babu wa Kukopa

Nilimzaa babu yangu Novemba 2016, nikiwa na miaka ishirini, ndani ya studio ya chuo kimoja cha sanaa jijini London. Alizaliwa mtu mzima, brashi mkononi, mbele ya mashahidi kumi na watatu: wanafunzi wenzangu kumi na wawili na mwalimu wetu. Nikamlea miaka miwili. Naye hakuwa mchoyo. Alinipatia alama nzuri, wanunuzi wawili na heshima nisiyoitolea jasho. Haya ni maungamo ya jinsi nilivyomzaa, na ya mtu aliyelipa gharama za malezi yake.

Babu yangu wa kweli, mzaa mama, alikuwa mshona viatu Magomeni, Dar es Salaam. Brashi pekee aliyowahi kuishika ni ile ya kupakia dawa ya viatu.

Asiyesomea sanaa Ulaya huenda haijui kriti. Unatundika kazi yako ukutani, wenzako wanakaa kwenye viti au sakafuni, wanaitazama, kisha wanaisema. Wakati mwingine mwenye kazi hutakiwa anyamaze kwanza, asikilize watu wakiijadili kana kwamba yeye hayupo. Baadaye huulizwa: kwa nini hivi, kwa nini si vile? Mimi nilitoka katika madarasa ambayo mwalimu akiuliza, jibu lipo ubaoni au kwenye daftari. Pale hapakuwa na ubao wala daftari. Nilikuwa na wiki saba tu tangu nishuke kwenye ndege, na Kiingereza changu, kilichonitosha kabisa kwenye mtihani, kilikuwa kinanikimbia kila nilipotazamwa na watu zaidi ya watatu.

Siku hiyo mwenzangu mmoja alizungumzia picha alizoziona Venice akiwa na wazazi wake. Mwingine alimtaja mwanafalsafa fulani, wote wakatikisa vichwa kwamba wanamjua, nami nikatikisa changu. Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimetundika hadibodi tatu: samaki, kuku na mkungu wa ndizi, zote zimechorwa kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia milango na mageti. Mwalimu akasogea, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa ubao. Akauliza: "Rangi hii umejifunza wapi?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Mjomba wangu ni fundi wa maandishi. Huandika vibao vya bucha, saluni na maduka, na hiyo ndiyo rangi yake. Isitoshe, kopo moja la rangi ya milango lilikuwa rahisi kuliko tyubu chache za rangi za wasanii. Nilikwisha fungua mdomo nilitoe jibu hilo. Nikaliona dogo, lina vumbi la Magomeni miguuni, haliwezi kukaa chumba kimoja na Venice. Nikasema: "Babu yangu alichora na Tingatinga."

Uongo ule ulisimama kwa sababu ya rangi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya hadibodi za mraba. Picha zake ziliuzwa Morogoro Stores, Oysterbay, na wanunuzi wengi walikuwa wageni. Mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Alichora kwa miaka minne hivi tu, lakini ndugu na vijana waliojifunza kwake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wao. Hayo nilikuwa nayajua kama anavyoyajua mtoto yeyote wa Dar aliyewahi kukatiza Oysterbay. Rangi inang'aa, ubao ni hadibodi, mnyama yumo. Kilichopungua ni ukoo tu, nao nikajipa.

Waliokuwa wakichezea simu wakainua vichwa. Mwalimu akavuta kiti akaketi. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, watu walinisikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Nani angerudi nyuma kutoka hapo? Mwenye busara angerudi. Mimi niliongeza kwamba babu alifariki nikiwa mdogo, ili asije akahitajika.

Sasa nimlete mjomba, maana ndiye niliyemkosea.

Kibanda chake kilikuwa kona ya mtaa wetu, kimeezekwa mabati, kuta zake zimejaa majaribio ya herufi. Nilianza kumsaidia nikiwa na miaka minane. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushika uzi. Mjomba aliupaka uzi chaki, akanipa ncha moja, ncha nyingine akaishika yeye, tukauvuta mpaka ukakakamaa juu ya ubao. Kisha akauinua katikati kwa vidole viwili na kuuachia. Tap! Mstari mweupe, mnyoofu kuliko wa rula. Mistari miwili, na kati yake ndimo herufi zinamokaa. Nywele za brashi alizipunguza kwa wembe mpaka zikabaki kama ulimi wa mjusi. Mkono wa kuandikia aliuegemeza juu ya fimbo fupi iliyofungwa kitambaa nchani, ili usitikisike wala usiguse rangi mbichi.

Alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza: usianze na herufi ya kwanza. Hesabu herufi zote, na nafasi uihesabu kama herufi. Tafuta ya katikati, anzia hapo uende kulia, halafu rudi kutoka katikati uende kushoto. Anayeanzia mwanzo hufika mwisho akibana herufi kama abiria wa daladala la saa kumi na mbili. Ya pili ilikuwa hukumu yake. Hakuwahi kusema kibao ni kizuri. Alirudi nyuma hatua kumi, akavuka barabara, akakodoa jicho moja, akasema "Inasomeka" au "Haisomeki". Hakuwa na hukumu ya tatu.

Nikiwa na miaka tisa mwenye duka jirani alitaka kibao cha kuwafukuza wakopaji kwa adabu. Mjomba akamwandikia KUKOPA HARUSI KULIPA MATANGA. Herufi 25 na nafasi 3, jumla 28. Yeye alichora mipaka, mimi nikajaza rangi nyekundu ndani. Ndiyo picha yangu ya kwanza iliyotundikwa hadharani.

Nilipopata nafasi ya chuo, ni mjomba huyo huyo aliyechangia pale pagumu. Wanaoomba viza ya mwanafunzi ya Uingereza wanaijua kanuni ya siku 28. Lazima uonyeshe ada unayodaiwa ya mwaka wa kwanza pamoja na fedha za kuishi, nazo zikae benki siku 28 mfululizo bila kupungua chini ya kiwango. Kwa London wakati ule kiwango cha kuishi kilikuwa pauni 1,265 kwa mwezi, kwa miezi tisa, yaani pauni 11,385, zaidi ya shilingi milioni 30. Chuo kilinipunguzia ada, lakini mlima ulibaki. Baba alikusanya kwa ndugu, wengine wakaweka fedha zao kwenye akaunti yake kwa siku hizo 28 tu, kisha wakazichukua. Mjomba aliweka milioni tatu. Siku ya 29 baba alipomwita azichukue, alisema, "Ziacheni zimnunulie mama rangi." Mama ni mimi, ndivyo anavyoniita.

Kwa hiyo kopo lile la rangi ya milango, ambalo nililitungia babu, lilinunuliwa kwa fedha za mjomba.

Uongo ni mtoto mlafi, haukubali kubaki mdogo. Mwalimu aliniletea vitabu vya maktaba kuhusu Tingatinga, nami nikavisoma kwa bidii ya mwizi anayesoma ramani ya nyumba. Muhula uliofuata nilichora picha kubwa nikaipa jina *Mwacha Asili ni Mtumwa*. Nikaeleza methali hiyo kwenye kriti kwa sauti ya upole, mkono kifuani, na watu wakaguswa. Mwaka wa pili, siku ya kufungua studio kwa wageni, niliuza picha mbili, moja kwa pauni 180 na nyingine kwa 220. Pembeni ya kila moja palikuwa na karatasi ya maelezo, na kila karatasi ilikuwa na babu.

Desemba 2017 mchoraji Lubaina Himid alitunukiwa Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto wa miezi michache. Kesho yake studio nzima ilinigeukia mimi kama ndugu wa bibi harusi. Nikapokea pongezi. Usiku nikakaa kumsoma. Mama huyu amechora khanga na amefanya kazi na maneno ya khanga, na kila nilichokisoma kilieleza waziwazi alipozaliwa, alipokulia na jinsi anavyoitazama Zanzibar kutokea mbali. Umbali wenyewe ameufanya kuwa kazi. Mimi wa Magomeni, niliyekuwa na kila kitu karibu, nilikuwa nimekwenda kuazima kwa watu. Nililiona jambo hilo vizuri kabisa usiku ule, nikalilalia.

Mwaka wa tatu ndio ulionikamata. Shahada ya kwanza ya sanaa ina michoro, lakini ina pia tasnifu, maneno elfu kadhaa yenye ushahidi. Oktoba 2018 msimamizi wangu akasema mada iko wazi: andika kuhusu babu. Jina lake kamili ni nani? Picha zake ziko wapi? Kuna ndugu anayemkumbuka tunayeweza kumrekodi? Wanafunzi wa mwanzo wa Tingatinga wanajulikana kwa majina, wameandikwa vitabuni, nami nilikwisha visoma vitabu vyote. Babu yangu hakuwamo.

Hapo ndipo nilipofanya lililo baya kuliko yote. Nilimpigia mjomba. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mama. Baridi haijakumaliza?" Tukacheka. Kisha nikamweleza mambo nusu nusu, nikamwomba anirekodie dakika mbili tu kwenye WhatsApp, aseme kwamba marehemu babu alikuwa akichora na akina Tingatinga miaka ya sabini. Nilimwambia ni jambo la shule, ni kawaida. Upande wa pili kukawa kimya. Nikasikia honi ya bodaboda ikipita kwao. Akasema, "Haya, nimekusikia."

Siku nne hakunijibu. Ya tano ukaingia ujumbe wa sauti. Sikuusikiliza mpaka nilipofika chumbani na kufunga mlango.

"Mama. Mzee wangu alikuwa mshona viatu, na amekufa mshona viatu. Akija mtu kuniuliza, nitamwambia hivyo, na nitamwonyesha kaburi. Hilo la Tingatinga usinitie. Sasa mimi nina swali moja, nalo si la ugomvi. Huko uliko, walipokuuliza nani kakufundisha, mimi nilikuwa wapi?"

Nimejaribu mara nyingi kujibu swali hilo na kila jibu ni kisingizio. Nilikuwa mgeni, lugha ilinipiga chenga, nilikuwa na hofu ya kuonekana wa kawaida. Ni kweli pia kwamba pale chuoni palikuwa na hamu ya kumsikia Mwafrika mwenye ukoo na ngoma na mizimu, kuliko Mwafrika mwenye mjomba anayeandika NYAMA SAFI ukutani. Lakini mnunuzi kupenda asali hakumlazimishi muuzaji kuchanganya sukari. Hakuna aliyeniwekea maneno mdomoni. Nilipoulizwa swali mara ya kwanza, liliulizwa kwa nia njema, na jibu la kweli lilikuwa tayari ulimini. Nililimeza kwa sababu nilimwonea aibu mtu aliyenilea.

Jumatatu nilikwenda kwa mwalimu nikasema yote. Nilitarajia afoke. Alikaa kimya muda mrefu, akatazama nje ya dirisha, halafu akaniuliza: "Basi ile rangi ulijifunza wapi?" Swali lile lile, baada ya miaka miwili. Nikamweleza uzi na chaki, wembe na fimbo, na kuanzia katikati. Nilizungumza karibu saa nzima, na Kiingereza hakikunikimbia hata mara moja.

Kusikilizwa hakukufuta adhabu. Insha ya mwaka wa pili iliyomtaja babu ilisahihishwa upya na alama zikashuka. Tasnifu ilibidi ianze upya, na wiki sita zilikuwa zimekwisha kwenda. Niliwaandikia wanunuzi wawili barua za kuungama. Wa kwanza alirudisha picha akataka pauni zake 180, na alikuwa na haki. Viza yangu iliniruhusu kufanya kazi si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, kwa hiyo nilizilipa kwa kuosha vikombe kwenye mkahawa Jumamosi na Jumapili. Wa pili alijibu kwamba picha atabaki nayo, ila nimtumie karatasi nyingine ya maelezo, yenye ukweli. Karatasi hiyo, ya mistari mitano, ilinichukua siku tatu.

Tasnifu niliiandika kuhusu maandishi ya mkono ya mitaa ya Dar es Salaam na jinsi mabango ya plastiki ya kuchapwa yalivyowanyang'anya mafundi kazi. Mjomba alinirekodia saa nne za mazungumzo, moja kwa moja kibandani, bila kuulizwa mara mbili. Katika kutafuta nikakutana na Sam Ntiro, Mchaga aliyetoka Makerere akaja kusoma chuo cha sanaa cha Slade, London, mwaka 1952, miaka zaidi ya sitini kabla yangu. Huyu baadaye alirudi jijini humo akiwa Balozi wa nchi yetu. Alichora migomba, mavuno na shughuli za watu wa Kilimanjaro. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, iko kwenye Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Nikamsoma na Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi aliyesoma Slade hiyo hiyo, anayechora juu ya lubugo, nguo ya magome ya mutuba kutoka Uganda. Naye hafichi kwamba mara ya kwanza aliikuta ikiuzwa kwenye soko la watalii Nairobi. Angeweza kudai aliirithi kwa bibi. Amesema soko.

Kuna kosa jingine nililochelewa kuliona. Wapo watu Oysterbay leo wanaokula kwa jina la Tingatinga kwa haki, kwa kuwa baba au mjomba wao alikaa kweli na yule mzee, akashika kweli brashi ile. Kila aliyeniamini London alikuwa amempa mtu mmoja pale sababu ya kutoaminiwa kesho. Sijui namna ya kuwaandikia barua wote.

Maonyesho ya kumaliza shahada yalikuwa Juni 2019. Nilitengeneza ubao mmoja tu, mrefu, nikausimamisha ukutani, nikamwomba mwenzangu ashike ncha ya uzi. Tap! Nikahesabu herufi: KUKOPA HARUSI KULIPA MATANGA, 28, sawa na zile siku za benki. Katikati yake huangukia kwenye pengo baada ya HARUSI, hapo ambapo KULIPA inaanza. Nikaanzia hapo. Kwenye kona ya chini, pale mafundi wa Dar wanapoandika jina na namba ya simu, niliandika jina la mjomba, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina langu.

Usiku wa kuamkia ufunguzi nilimtumia picha ya ubao na barua ndefu ya kuomba radhi. Nilimwita kila jina la heshima ninalolijua. Asubuhi nikakuta jibu lake. Barua hakuigusa. Alisema: "Hapo kwenye MATANGA, T na A zimeachana. A ina mabega yaliyoinama, isogeze iingie chini ya mkono wa T. Mtu akivuka barabara atasoma MAT, halafu ANGA."

Milango ilikuwa ifunguliwe saa sita mchana. Nilifika saa mbili na kopo la rangi, chupa ya tina na wembe. Nikaifuta A, nikangoja pakauke, nikaiandika upya imeegama kwa T. Kisha nikarudi nyuma mpaka ukuta wa pili, nikakodoa jicho moja, nikampigia picha nyingine.

Mpaka leo hajawahi kutamka kwamba amenisamehe, nami nimejizuia kumuuliza, maana sina haki ya kuharakisha deni la mtu. Siku ile alijibu baada ya dakika kumi, neno moja.

"Inasomeka."